Ukimvunja muuguzi mkono, ndugu yako atashonwa na nani?

Nikiwa na miaka 22 nusura nifungwe jela, na si kwa wizi wala bangi. Ni kwa sababu ya muuguzi.

Ilikuwa saa saba usiku. Mdogo wangu alikuwa ameanguka na nduthi, paja limepasuka, damu inachuruzika hadi kwa kiatu. Tulipomfikisha hospitali moja ya umma tulikuta laini ndefu na muuguzi mmoja tu, mama wa makamo. Alimwangalia bro, akamfunga bandeji kwa nguvu, akatuambia tungoje kwani kulikuwa na mama anajifungua na hali yake si nzuri. Kwangu hayo yalikuwa madharau. Nikamkaba kola. Nikamfokea, "Huyu akikufa, nitakuua!"

Hakupiga nduru. Aliniangalia tu, akasema: "Kijana, ukinivunja huu mkono, ndugu yako atashonwa na nani?"

Soja akanivuta nje. Hakuna aliyeita polisi. Saa kumi alfajiri bro alishonwa, na mkono ule ule.

Juzi niliketi na binamu yangu anayesomea sheria (mimi chuo kilinishinda) akanifungulia Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Jasho lilinitoka. Kumkaba mtu kola, hata asipoumia, ni shambulio chini ya kifungu cha 250: hadi mwaka mmoja ndani. Ukimjeruhi, kifungu cha 251 kinasema hadi miaka mitano. Ukimwumiza vibaya, kifungu cha 234 kinafika kifungo cha maisha. Na yale maneno yangu, "nitakuua"? Kifungu cha 223, hadi miaka 10. Maneno matupu, ndugu yangu!

Hayo yote yanamlinda mtu yeyote, awe daktari au mama mboga. Lakini Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza jambo. Inampa mhudumu wa afya haki ya kufanya kazi mahali salama, na haki ya kukataa kumtibu mtu anayempiga, kumtusi au kumsumbua kimapenzi, isipokuwa iwe ni dharura na hakuna mhudumu mwingine. Sisi wagonjwa nasi tuna wajibu wa kuwaheshimu.

Wenzetu wameenda mbali zaidi. India ilibadilisha sheria yake ya magonjwa ya mlipuko mwaka wa 2020, wakati wa korona, baada ya madaktari kushambuliwa. Kumdhuru mhudumu wakati wa mlipuko kukawa na kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano, na hadi miaka saba akiumizwa vibaya. Uingereza ilitunga sheria ya kuwalinda wahudumu wa dharura mwaka wa 2018, kisha 2022 ikapandisha kifungo cha juu kutoka mwaka mmoja hadi miwili.

Je, nasi tuongeze miaka? Sina uhakika kama ingenizuia usiku ule. Mtu aliyeshika ndugu anayevuja damu hafikirii vifungu. Kilichonipandisha hasira ni kuona muuguzi mmoja akiwa na wadi nzima. Huyo mama hakujiajiri peke yake. Kuna watu ofisini walioamua hivyo, na hao sikuwakaba kola. Nilimwonea aliyekuwa karibu, tena yule pekee aliyekuwa akinisaidia.

Kwa hivyo, ukihudumiwa vibaya, usirushe ngumi. Andika jina la mhudumu, saa na kilichotokea, kisha ulalamike kwa wasimamizi wa hospitali. Sheria hiyo hiyo ya Afya inakupa haki ya kulalamika na malalamiko yako yachunguzwe. Na kama mgonjwa wako yuko hatarini, Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Lisemee hilo kwa sauti, ila mikono ibaki mfukoni.

Nilirudi kumwomba yule mama msamaha. Nikaambiwa alihamishwa. Bro bado ana kovu kwenye paja, limenyooka vizuri kabisa. Kila akivaa kaptura, mimi huangalia kando.