Itifaki imezingatiwa, wazo limepotea

SWALI lenyewe lilikuwa fupi. Chukua vyombo viwili vinavyofanana, tia maji kiasi kilekile, kimoja yawe na nyuzijoto 35 na kingine 100, kisha viweke vyote kwenye friza. Yale yaliyoingia yakiwa ya moto sana ndiyo yanatangulia kuganda. Kwa nini?

Aliyeuliza ni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, miaka ya 1960. Aliyeulizwa ni Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wakaangua kicheko. Baadaye wenzake wakamwambia amewatia aibu mbele ya mgeni, na kuna aliyetaka kujua kama kweli aliielewa ile kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu.

Leo wanafizikia duniani kote wanalijua jambo hilo kwa jina la athari ya Mpemba, na kisa chake husimuliwa kama ushindi wa kijana mdadisi. Lakini ukikichambua vizuri utakuta ni kisa cha vyeo: nani anasikilizwa, nani anachekwa, na wazo jipya linakwama mlangoni kwa nani.

Friji moja, wavulana wengi

Mambo yalianza mwaka 1963, Mpemba akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji, na nafasi ilikuwa ya kugombea. Siku hiyo Mpemba alikuwa amenunua maziwa kwa akina mama wa jirani na ndiyo kwanza anayachemsha, mara akamwona mwenzake anakoroga sukari kwenye maziwa mabichi na kukimbilia friji. Akisubiri, trei ya mwisho inamponyoka. Akaamua liwalo na liwe, akayaingiza yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friji ya shule. Saa moja na nusu baadaye walikwenda kuangalia. Ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akakubali yaishe. Baadaye akiwa Mkwawa, lilipofundishwa somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Safari hii akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka neno. Kuanzia hapo, akikosea hesabu, mwalimu na wenzake wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Hakuna aliyemkataza kuuliza. Kilichofanyika ni kwamba waliokuwa juu yake walishakuwa na jibu kabla ya kupima, na gharama ya kuuliza ikapanda kiasi ambacho mtu mwenye haya angenyamaza maisha yake yote. Na tazama ni nani waliompandishia gharama hiyo. Mwalimu ndiye aliyeuanzisha mzaha, lakini darasa zima liliubeba pamoja naye, watu wa daraja moja na Mpemba. Mara nyingi walinzi wakali wa heshima ya mkubwa huwa ni wadogo wenyewe.

Waliojua siku zote

Kabla ya kufika Mkwawa, Mpemba alikutana mjini Tanga na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu. Rafiki huyo akamwambia kwamba huwa anaiweka ya moto ili igande upesi. Mpemba akaja kugundua kuwa na wauzaji wengine wanafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo jambo ambalo walimu walisema haliwezekani, lilikuwa likifanyika mjini Tanga kila siku ya biashara. Wauza aiskrimu hawakuwa na cheti wala maabara, walikuwa na wateja wanaosubiri. Wenye vyeti hawakuwauliza, nao hawakuwa na mahali pa kwenda kusema. Ndivyo ujuzi mwingi unavyoishi kwetu. Upo, unafanya kazi, unalisha familia, ila hauvuki kwenda kwa wale wanaoweza kuupima, kuuandika na kuusambaza.

Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akaleta taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi. Hapo nguvu ya cheo inaonekana waziwazi kuliko hata kwenye kicheko cha wanafunzi. Fundi ameiona barafu kwa macho yake, ameishika kwa mikono yake, lakini kichwani mwake kitabu kina cheo kikubwa kuliko macho.

Alichofanya mkubwa

Osborne hakumwamini Mpemba. Alikiri mwenyewe baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba hakulimaliza swali kwa cheo chake. Alilipeleka kwenye friji. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia la mwalimu, na simulizi ya aiskrimu ikitolewa na Mpemba mwenyewe. Wakati huo alikuwa Chuo cha Mweka, Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, na kazi yake ya maisha ikawa hukohuko kwenye wanyamapori.

Wanasayansi hawajamaliza kubishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya maji, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Mwaka 2020 wengine wa Kanada wakaonyesha, kwa kutumia chembe ndogo mno za kioo, kwamba chenye joto zaidi kinaweza kweli kupoa haraka kuliko chenye joto dogo. Ubishi huo haupunguzi kitu kwenye hoja yetu. Kijana hakudai kukubaliwa, alidai swali lake lipimwe.

Kisa hiki pia kinawasuta wanaosema dawa ni kufuta vyeo vyote. Bila jina la Osborne, maabara yake na uzoefu wake wa kuandika, fizikia ya Mpemba ingebaki mzaha wa darasani. Cheo kilekile kinachozima wazo ndicho chenye uwezo wa kulipandisha. Wazee waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakukosea: chombo kikishakumbwa na dhoruba, si wakati wa kuitisha kura, nahodha aseme na mabaharia wafanye. Kosa letu ni kutumia nidhamu ya dhoruba hata bahari ikiwa shwari, wakati tunatafuta njia mpya ya kupita.

Kazi, si ujasiri

Mwaka 2005 Kenya, huduma ya M-Pesa ilifanyiwa majaribio Nairobi na Thika ikiwa na lengo dogo: wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe. Wakatumiana pesa mji kwa mji, wakahifadhi mauzo ya siku humo badala ya kutembea nayo usiku. Waliokuwa juu wangeweza kusema huduma inatumiwa vibaya na kuwarudisha watu kwenye mstari. Badala yake walitazama wateja wanafanya nini, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa biashara yenyewe.

Toyota ya Japani ilikwenda mbali zaidi, ikaliweka jambo hili kwenye utaratibu wa kiwanda. Tangu mwaka 1951 ina mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi wake, na kwenye mstari wa kuunganisha magari kukawa na kamba ambayo mfanyakazi yeyote anaivuta akiona kasoro. Kiongozi wake anakuja hapo hapo. Tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa, kazi inasimama. Uzuri wa kamba ile ni kwamba haihitaji shujaa. Anayeivuta hamkosoi mkubwa, anatimiza wajibu wake.

Sisi tunategemea mashujaa. Ingia kwenye kikao chochote cha ofisi. Itifaki inazingatiwa, mkurugenzi anafungua na kusema anavyoona yeye, kisha anawakaribisha wengine watoe maoni kwa uhuru. Msemaji wa kwanza anaanza na "kama alivyotangulia kusema mkurugenzi". Wa pili anaunga mkono hoja. Dereva anayejua kwa nini mizigo inachelewa hakualikwa. Binti wa mapokezi anayesikia malalamiko ya wateja tangu asubuhi yumo ukumbini, anagawa maji. Kikao chenyewe hasa kitafanyika baadaye kwenye korido na kwenye kundi la WhatsApp ambalo bosi hayumo, na huko ndiko utayakuta mawazo ambayo kampuni inalipa washauri kuyatafuta.

Kurekebisha hilo hakuhitaji semina. Mkubwa aseme mwisho, si mwanzo. Akishasema, wengi wataacha kufikiri na kuanza kukubali. Aliye karibu na kazi aulizwe kabla ya aliye karibu na mkurugenzi. Swali linalochekesha, kama linaweza kujaribiwa kwa gharama ndogo, lijaribiwe kabla halijajibiwa, na aliyeuliza aletewe matokeo hata kama alikosea, maana asiyeletewa matokeo hatauliza tena. Wazo likifaulu, jina la mwenyewe litangulie.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hilo tunalisema kila siku na hakuna anayelipinga. Gumu ni msemo mwingine wa Waswahili, usemao mkubwa ni jalala. Tumezoea kuutumia kumfariji bosi aliyetukanwa, avumilie kwa sababu ndivyo ukubwa ulivyo. Lakini maana yake inafika mbali zaidi ya matusi. Inampa mwenye cheo kazi ya kupokea kila kinacholetwa, chenye thamani na kisicho nayo, kwa sababu siku kinapoletwa hakuna ajuaye kipi ni kipi. Asiyetaka kazi hiyo asiombe ukubwa.