Mringaringa na Jani la Isale

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie siku niliyokata mti nisioujua jina.

Nilikuwa na miaka 9, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mama alinituma nikapalilie maharage kihambani. Kihamba ni lile shamba linaloizunguka nyumba ya Mchagga, ambalo baba humwachia mwana, na mwana akamwachia mjukuu. Nilipofika kwenye mibuni nikakuta mche unaonifikia magotini, una majani mapana. "Gugu hili," nikasema, nikaufyeka kwa panga.

Babu alipouona hakusema neno. Kimya chake kiliniuma kuliko fimbo. Mama akaninong'oneza: "Nenda mpakani ukachume isale, umpelekee."

Isale mnalijua: lile jani refu la kijani. Masale ndiyo yanayoonyesha kihamba cha fulani kinaishia wapi. Lakini yana kazi nyingine kubwa zaidi. Kwetu, akujiaye na isale mkononi anaomba radhi, na ni vibaya kumkatalia. Nikalishika kwa mikono miwili. Babu akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa twende ukawajue uliowakosea."

Akaniinua kidevu nitazame juu. Juu kabisa ilisimama miringaringa na miruka. "Mche uliofyeka ni mtoto wa huyu," akasema, akiushika mringaringa. "Mbao zake hutupa milango na mizinga. Maua yake meupe hulisha nyuki. Majani yake yakianguka, hufunika udongo usikauke."

Chini ya miti, migomba. Mchare hupikwa mtori, chakula cha mama aliyejifungua. Ndizi nyingine huachwa ziive, wazee wakatengenezea mbege pamoja na ulezi, na gome la msesewe likaitia uchungu wake. Chini ya migomba ilijificha mibuni, maana kahawa yetu haipendi jua la utosini. Kahawa hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya shule. Chini kabisa yalitambaa maharage, na pembeni mwa mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, magimbi yalikunjua majani yake. Kiazi kikuu hakikuwa na nafasi ya kutambaa, basi kilipanda mti.

Tukamalizia zizini. Ng'ombe wetu hawakutoka kwenda malishoni. Tuliwakatia majani na magogo ya migomba, na samadi yao ikarudi kwenye mashina. Babu akacheka: "Ng'ombe hula mgomba, na mgomba hula ng'ombe."

Nilipokua nikasoma kwamba wataalamu waliohesabu mimea ya vihamba walipata zaidi ya aina 500. Nikamkumbuka babu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mimea hiyo haikupandwa na mtu. Imejiotea yenyewe, kama ule mche wangu. Watu wa vihambani waliiacha kwa sababu waliijua: huu ni dawa, huu ni lishe ya mbuzi, huu hushika udongo kwenye mteremko mvua isije ikauchukua.

Siku hizi miti mingi ya vihambani inakatwa. Bei ya kahawa ikishuka, mtu huuza mbao. Ardhi ikigawanywa kwa watoto wengi, kila mmoja hubaki na kipande kidogo. Kivuli kikiondoka, udongo hukauka, na mbuni nao hunyong'onyea. Ghorofa ya juu ikibomoka, wa chini hawana paa.

Na ule mche? Niliufyeka shina, lakini mzizi ulibaki. Mvua za masika zilipokuja ukachipua. Ndio huu tunaoegemea, wanangu. Kesho mkipewa panga, kabla ya kukata ulizeni kwanza: "Huyu anaitwa nani?"