TOKA NAIROBI HATA LAS VEGAS
Habari za Robert Wangila, bingwa wa ngumi aliyekwenda kutafuta riziki ugenini

Kibera na Kawangware ni mitaa miwili ya Nairobi ambayo majina yake yajulikana hata na watu wasiopata kufika mjini. Ni vigumu kupata kijiji kisichokuwa na kijana wake aliyepanga chumba katika mitaa hiyo. Kibera iko kusini-magharibi ya mji, kando ya njia ya reli iendayo Kisumu. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makazi ya askari wa Kinubi wa K.A.R. waliomaliza utumishi wao, na jina lake ni la Kinubi, maana yake ni msitu. Kawangware iko kaskazini-magharibi yake, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, upande wa Dagoretti. Mitaa yote miwili imejaa watu wa mishahara na vibarua: waashi, walinzi, wapishi, wachuuzi na makarani.

Mahali kama hapo mchezo wa ngumi huwavuta vijana upesi, kwa kuwa hauhitaji kiwanja kikubwa wala vyombo vingi. Gunia lililojazwa mchanga na matambara, kamba ya kurukia, na jozi moja ya glavu ya kupokezana yatosha kwa kuanzia. Kijana akisha kusifiwa kidogo, fikira zake huenda mbali. Husikia ya kwamba Marekani, Ulaya na Japani wako watu wanaolipwa fedha nyingi kwa kupigana. Baba wa shamba apatapo habari kwamba mwanawe ataka kuacha kazi ili aende ng'ambo kupigana ngumi, hajui amjibu nini. Kwa ajili ya baba huyo na mwanawe, yafaa kueleza habari za Robert Wangila, ambaye safari yake ilikuwa na utukufu mkubwa na msiba mkubwa.

DHAHABU YA SEOUL

Wangila alikuwa mzaliwa wa Nairobi. Katika mwaka wa 1987 Michezo ya Afrika ilifanyika katika mji huo huo, naye akashinda nishani ya dhahabu katika uzito wa welta, yaani watu wasiozidi kilo 67. Mwaka uliofuata alikwenda Seoul, Korea ya Kusini, pamoja na kikosi cha Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Katika pambano la mwisho alikutana na Mfaransa, Laurent Boudouani. Watu waliozoea mchezo huo walidhani Mfaransa angeshinda kwa ufundi wake. Lakini raundi ya 2 haikwisha: Wangila alimpiga mwenzake akaanguka, na mwamuzi akamhesabu mpaka kumi.

Kenya ilirudi kutoka Seoul na nishani 5 za dhahabu. Nne zilikuwa za wakimbiaji, na moja ilikuwa ya Wangila. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo usiokuwa wa riadha. Nishani zote za Olimpiki ambazo Kenya imepata katika ngumi ni 7, na hiyo ya Wangila ndiyo dhahabu ya pekee.

Lakini dhahabu ya ridhaa hailiwi. Mpiganaji wa ridhaa hapigani kwa mshahara. Wapiganaji wengi wa Kenya waliweza kuishi kwa sababu walikuwa wameajiriwa katika majeshi, polisi, magereza au mashirika makubwa, nao wakapewa nafasi ya kufanya mazoezi. Aliyetaka kupata mali kwa ngumi zake hakuwa na budi kwenda ng'ambo. Wangila aliamua kufanya hivyo, akahamia Marekani.

WALIOMTANGULIA

Yeye hakuwa wa kwanza kushika njia hiyo. Philip Waruinge, aliyejulikana sana tangu siku zake za Nakuru, alipata nishani ya shaba huko Mexico mwaka wa 1968, na juu yake akapewa kombe la mpiganaji mwenye ufundi kuliko wote katika michezo ile, ingawa wako waliopata dhahabu. Mwaka wa 1972 alipata fedha huko Munich. Kisha alikwenda Japani kupigana kwa malipo, na huko akaitwa Waruinge Nakayama. Mwaka wa 1976 aligombea taji la dunia dhidi ya Rigoberto Riasco wa Panama, asilipate.

Baada yake Stephen Muchoki, mtu mwepesi wa mwili na mikono, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka wa 1978 huko Belgrade. Hakuwa na bahati ya Olimpiki, maana Kenya haikupeleka watu Montreal mwaka wa 1976 wala Moscow mwaka wa 1980. Alikwenda Denmark, ambako Ayub Kalule wa Uganda alikuwa amemtangulia. Kalule ndiye aliyefaulu katika safari hiyo, kwani mwaka wa 1979 alimshinda Masashi Kudo huko Japani akatwaa taji la dunia, akalishika mpaka mwaka wa 1981 aliponyang'anywa na Sugar Ray Leonard wa Marekani. Muchoki naye aligombea taji mwaka wa 1983 mjini Copenhagen, akashindwa na Santos Laciar wa Argentina. Hatimaye alirudi Kenya.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Watu wa Ireland walipopatwa na njaa kuu tangu mwaka wa 1845, baada ya viazi vyao kuoza mashambani, maelfu kwa maelfu walivuka bahari kwenda Marekani. Walifika bila mali, wakapewa kazi za sulubu na kudharauliwa. Baadhi ya vijana wao waliona ya kwamba ulingoni mtu haulizwi ukoo wake. John L. Sullivan, ambaye wazazi wake walitoka Ireland, alikuwa bingwa wa uzito wa juu mwaka wa 1882, na jina lake likawa fahari ya wageni wote wa nchi ile. Mgeni maskini huuza kile alicho nacho, na mara nyingi alicho nacho ni mwili wake.

JINA MOJA, KAZI MBILI

Watu wengi hufikiri ya kwamba ngumi za ridhaa na ngumi za malipo ni mchezo mmoja, tofauti yake ikiwa fedha tu. Sivyo. Katika siku za Wangila mpiganaji wa ridhaa alipigana raundi 3 tu, akiwa amevaa kofia ya kinga na fulana, na mwamuzi alikuwa mwepesi wa kusimamisha pambano. Mpiganaji wa malipo hana kofia wala fulana, naye aweza kupigana raundi 10, na katika mapambano ya taji 12. Zamani zilikuwa 15. Zilianza kupunguzwa baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufa kwa mapigo aliyoyapata Las Vegas mwaka wa 1982 katika raundi ya 14.

Hata fedha zenyewe si zote za yule anayepigwa. Katika desturi ya Marekani meneja aweza kuchukua theluthi ya malipo, na mwalimu wa mazoezi huchukua kama sehemu moja katika kumi. Mtu akiahidiwa dola 3,000, meneja akatwaa 1,000 na mwalimu 300, zimebaki 1,700. Hapo hajalipa kodi ya serikali, wala nyumba, wala chakula cha miezi aliyokuwa akifanya mazoezi. Mwaka wa 2000 Marekani ilitunga sheria, iliyopewa jina la Muhammad Ali, ya kuwalazimisha wanaoandaa mapambano kumweleza mpiganaji hesabu za fedha zipatikanazo. Sheria hiyo ilikuja baada ya siku za Wangila.

Wangila alipigana mapambano 27 ya malipo. Alishinda 22, na katika hayo 16 aliwaangusha wenzake au mwamuzi alisimamisha mchezo. Hiyo si hesabu ya mtu dhaifu. Hata hivyo hakupata taji la dunia, na mtu asiye na taji hupigana mara nyingi kwa malipo madogo, akitumaini ya kuwa pambano lijalo ndilo litakalomfungulia mlango.

USIKU WA LAS VEGAS

Tarehe 22 Julai, 1994, Wangila alipanda ulingoni huko Las Vegas kupigana na David Gonzalez. Raundi zilipoendelea mapigo ya Gonzalez yalimzidi. Katika raundi ya 9 mwamuzi alijitia kati, akasimamisha pambano. Wangila alilalamika. Alikuwa bado amesimama kwa miguu yake, na kwa maoni yake mwenyewe alikuwa na nguvu za kuendelea.

Alirudi katika chumba cha kuvalia. Huko ndiko alikopoteza fahamu. Alipelekwa hospitali, madaktari wakampasua kichwa ili wamwokoe, lakini hakuzinduka. Alikufa tarehe 24 Julai, kabla hajafika miaka 30. Mwili wake ulirudishwa Kenya, na hata mazishi yake hayakuwa rahisi, kwani alikuwa amesilimu, na jamaa zake hawakupatana kama azikwe kwa ada ya Kikristo au ya Kiislamu, mpaka jambo likafika mahakamani.

Boudouani, yule Mfaransa aliyeangushwa Seoul, alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za malipo katika mwaka wa 1996. Wangila alikuwa kaburini.

MTU ALIYESIMAMA AWEZAJE KUFA?

Wako waliostaajabu jinsi mtu aliyekuwa akibishana na mwamuzi alivyoweza kuanguka muda mfupi baadaye. Madaktari huieleza hali kama hiyo hivi. Ubongo wa mwanadamu haukushikamana na fuvu kama kokwa na ganda lake. Umezungukwa na maji, na mishipa midogo ya damu yapita katikati. Kichwa kipigwapo kwa nguvu, fuvu husukumwa ghafula, ubongo hubaki nyuma kidogo, na mishipa ile huvutwa. Ukipasuka mmoja, damu huanza kuvuja polepole. Mwenyewe hasikii lolote, au huona kichwa kinamwuma tu. Damu ikisha kujaa, haina pa kutokea, nayo huukandamiza ubongo, na ndipo mtu aangukapo.

Kwa hiyo yule apigwaye si shahidi wa kutosha juu ya hali yake. Ukimwuliza kama aweza kuendelea, atasema aweza, na hasemi uongo. Ushujaa uliomfikisha huko ndio unaomjibia. Mwamuzi aliyemsimamisha Wangila alifanya kazi yake, na huenda mapigo yaliyomwua yalikuwa yamekwisha kuingia mapema.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA SAFARI

Haifai kutokana na habari hizi mzazi amkataze kijana wake kuvaa glavu. Ngumi za ridhaa zikisimamiwa vema humfundisha kijana kujitawala, kuacha pombe, kulala mapema na kustahimili kushindwa bila kinyongo. Kijana wa Kibera au Kawangware aliye na mwalimu wa kumngoja kila jioni yuko mahali pema kuliko yule asiye na wa kumngoja. Tena Waruinge, Muchoki na Wangila waliiletea nchi yao sifa ambayo haitafutika.

Lakini ajapo mtu na karatasi za safari, akisema kwamba ng'ambo kuna fedha, yako maswali ambayo baba na mwana wapaswa kuyauliza pamoja. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na je, mwanasheria asiyelipwa na upande wa pili ameusoma? Meneja atachukua fungu gani, na kwa miaka mingapi? Mpiganaji akiumia, ni nani atakayelipa hospitali? Je, kichwa chake kitapigwa picha na madaktari kabla ya kuanza, na tena kila baada ya mapambano magumu? Kazi aliyo nayo hapa ataiacha kabisa, au atapewa ruhusa ya kurudi? Ikiwa muulizwaji akasirika kwa kuulizwa, hasira yake ni jibu.

Na liko swali moja kubwa kuliko hayo. Kijana anapokuwa nyumbani amezungukwa na watu wanaompenda bure: mwalimu aliyemlea, wenzake wa mazoezi, mama aonaye usoni mwake kwamba leo hayuko sawa. Ng'ambo, watu waliomzunguka karibu wote hula kwa mapigano yake. Basi ni nani katika kona yake atakayekuwa na moyo wa kumwambia, "Yatosha," siku ambayo yeye mwenyewe hataki kusikia? Kama hana jibu la swali hilo, heri asiende mpaka alipate.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nishani ya Seoul iliundwa kwa miaka ya jasho mjini Nairobi, mikononi mwa watu waliomjua Wangila kwa jina lake. Mwenye kuitamani nishani kama hiyo na awatazame kwanza watu wa namna hiyo alio nao, wala asiwaache nyuma kwa ajili ya ahadi ya dola.