Mzigo wa Muuguzi wa Saratani

Watu wengi wakisikia kwamba muuguzi wa wodi ya saratani amechoshwa na kazi yake hudhani kuwa kilichomchosha ni mauti, yaani kwamba moyo wake, kwa kushuhudia vifo vingi, umelemewa na simanzi hata ukakosa nguvu ya kuendelea. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, walakini si ukweli wote, na kwa rai yangu ndiyo iliyotuzuia kwa muda mrefu kuona dawa ilipo. Aliyeichagua kazi hii alijua tangu siku za chuo kuwa baadhi ya wagonjwa wake watakufa; asilolijua ni kwamba atatakiwa, mwaka baada ya mwaka, kutazama maumivu yenye dawa yakiendelea bila ya dawa, na kusikia maswali yenye majibu yakipita bila ya kujibiwa, kwa sababu yeye ni mmoja na vitanda ni vingi.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Aliyevunjika mguu hulazwa, akafungwa plasta, akaenda zake. Bali mwenye saratani ya matiti aghalabu hurudi kuchomwa dawa kila baada ya wiki tatu kwa miezi kadhaa, na mwenye saratani ya shingo ya kizazi huja kupigwa mionzi siku tano katika juma kwa muda wa wiki tano hivi, hata muuguzi akayajua majina ya watoto wake na deni aliloliacha nyumbani. Siku ya dawa, muuguzi huvaa glovu na gauni la kujikinga, kwa kuwa dawa ile yaweza kumdhuru hata anayeishika, akahakiki jina la mgonjwa na kipimo kilichohesabiwa kwa urefu na uzito wake, kisha akatafuta mshipa, na mishipa ya mtu aliyekwisha tibiwa mara nyingi hunyauka na kujificha. Doksorubisini, dawa nyekundu kama maji ya rosela, ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha donda lisilopona upesi, basi muuguzi hukaa kando ya mkono ule, akiangalia kama ngozi inavimba, akiuliza kama inachoma, ilhali kitanda cha pili kinamwita kwa kuwa mwenyewe anatapika, na mlangoni ndugu wa mgonjwa wa tatu anauliza, "Sista, atapona lini?" Swali hilo la mwisho ndilo zito. Pengine daktari amekwisha kuwaeleza wazee wa ukoo faraghani, nao wameafikiana kumficha mgonjwa. Muuguzi hupewa kuilinda siri ambayo hakuwamo katika shauri lake, na mgonjwa, ambaye ana akili zake timamu, humsoma usoni kila amwogeshapo.

Uchovu wa namna hii uliandikwa kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyeona watu waliojitolea kwa ari katika zahanati ya bure wakiishiwa na ari ile ile. Na mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, Wamarekani, wakatoa kipimo chake mashuhuri chenye maswali 22, ambacho hupima mambo matatu: kukaukiwa na nguvu za moyo, kumtendea mgonjwa kama kitu badala ya mtu, na kujiona kwamba kazi uifanyayo haina manufaa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limetamka kuwa hii ni hali itokanayo na msongo wa kazini usiotawaliwa ipasavyo, wala si ugonjwa. Tamko hilo ni fupi, lakini linaiondoa dhima katika nafsi ya mfanyakazi na kuiweka katika utaratibu wa kazi yake.

La pili katika hayo matatu ndilo linalowaudhi jamaa za wagonjwa kupita yote. Muuguzi aliyekuwa na bashasha huanza kujibu kwa mkato, akamtaja mtu kwa nambari ya kitanda, akapita haraka penye kilio. Watu wakasema ana kiburi. Isabel Menzies, aliyechunguza hospitali moja ya mafunzo mjini London na kutoa habari zake mnamo mwaka 1960, alikuta wagonjwa wakitajwa kwa kitanda au kwa kiungo kinachougua, na wengine wakiamshwa usingizini ili wapewe dawa ya usingizi kwa kuwa saa yake imefika. Hakuwalaumu wauguzi. Alionyesha kuwa kanuni zile zilikuwa ngao ambayo hospitali nzima imejitengenezea dhidi ya hofu na huzuni, na kwamba ngao hiyo iliwanyima wauguzi faraja ya kumjua mtu na kumfaa, hata wanafunzi wengi, tena walio bora, wakaiacha kazi. Kila nimwonapo muuguzi aliyekuwa mwema akigeuka mkali, hujiuliza kwanza anahudumia wagonjwa wangapi.

Na idadi hiyo ina athari iliyopimwa. Linda Aiken na wenzake, katika utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania uliotolewa mwaka 2002, waliona kuwa kila mgonjwa mmoja aongezwaye juu ya mzigo wa muuguzi huandamana na ongezeko la asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kufikwa na uchovu huu, na la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Hizo hazikuwa wodi za saratani peke yake, wala si za nchi maskini. Nasi tulio katika nchi ambamo wengi hufika hospitalini saratani imekwisha kuenea, na ambamo taasisi kama ile ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupokea wagonjwa wa mikoa ya mbali, hatuna sababu ya kudhani kuwa mzigo wetu ni mwepesi zaidi.

Lakini idadi ya watu si yote. Mwaka 1984 Andrew Jameton, mwanafalsafa wa maadili ya uuguzi, aliieleza dhiki ya mtu anayelijua lililo haki kutendwa ilhali taratibu zimemfunga mikono. Mgonjwa analia saa nane za usiku kwa maumivu ya mifupa, mofini imo kabatini, mwenye idhini ya kuiandika hayupo. Muuguzi hana ila kumfuta jasho na kumwambia avumilie, naye anajua wazi kuwa uvumilivu huo haukuwa wa lazima. Nchini Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 na mofini ya kunywa, isiyo ya gharama kubwa, ikaenezwa hadi majumbani, sheria iliruhusu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike dawa hiyo wenyewe. Ruhusa ile ilikusudiwa kuwaauni wagonjwa, maana madaktari ni wachache, lakini naamini kwa dhati kuwa iliwaauni na wauguzi, kwa kuwa ilimpa anayesikia kilio uwezo wa kukinyamazisha.

Iko pia njia ya mazungumzo. Kenneth Schwartz, wakili wa Boston aliyefariki kwa saratani ya pafu mwaka 1995, aliandika jinsi wema mdogo mdogo wa waliomhudumia ulivyompunguzia mateso, na kutokana na wasia wake vikazaliwa vikao vya hospitali ambamo daktari, muuguzi na mfagiaji huketi pamoja wakasimuliana si ugonjwa bali yale yaliyowagusa nyoyo. Hospitali zetu zaweza kuviiga bila ya gharama kubwa, kwa sharti moja ambalo matroni na mganga mkuu hawana budi kulishika: kikao kiwe ndani ya saa za kazi, na wodini awepo mwingine wa kushika zamu, kwa kuwa kikao kinachofanywa baada ya zamu ya usiku, muuguzi akiwa bado hajalala na watoto wakimngoja nyumbani, ni zamu nyingine aliyoongezewa.