SIKU ZA BAHARINI: RAHA YA ABIRIA NA KAZI YA BAHARIA

Rombo ni nchi ya malisho na ya mifereji. Iko chini ya mlima Kilimanjaro, upande wa Loitokitok katika Kajiado, na maji yake hutoka katika chemchemi za mlima huo. Bahari iko mbali. Msafiri hana budi kushuka kwanza mpaka Taveta, kisha kutoka Taveta mpaka Voi ni kiasi cha kilometa 110, na kutoka Voi mpaka Mombasa ni kilometa 150 au zaidi. Hata hivyo bahari huleta wageni wake karibu na mlango wa Rombo. Katika miezi ya kaskazi, meli za watalii hufunga gati Kilindini, na baadhi ya abiria hupanda magari au ndege ndogo kwenda Tsavo na Amboseli. Hutazama tembo na kilele cha Kibo, kisha hurudi upesi, maana meli haimngoji mtu.

Wenyeji wanaowaona wageni hao huuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: watu hawa hufanya nini siku zote wawapo juu ya maji, bila shamba, bila mifugo wala duka? La pili huulizwa zaidi na vijana: je, yaweza kupatikana kazi katika meli hizo? Yafaa kuyaeleza yote mawili pamoja, kwa sababu jibu la swali la kwanza ndilo mwanzo wa jibu la pili.

ZAMANI SAFARI ILIKUWA YA LAZIMA

Hapo kale hapakuwa na mtu aliyesafiri baharini kwa kujistarehesha. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi, na abiria alilala juu ya shehena, akipimiwa maji ya kunywa. Baadaye zikaja meli za moshi. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, na mwandishi wake Ham Mukasa, walikwenda Uingereza kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Ham Mukasa akaandika habari za safari yao. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904. Mwaka 1929 Jomo Kenyatta alipanda meli Mombasa kwenda Ulaya kupeleka malalamiko ya ardhi. Mwaka 1931 Koinange wa Mbiyu, James Mutua na Ezekiel Apindi walisafiri kwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Watu hao wote walipanda meli kwa sababu hapakuwa na njia nyingine iliyo bora. Siku za baharini zilikuwa bei ya kufika.

Katika miaka ya 1950 meli zilizojulikana sana Kilindini zilikuwa mbili za kampuni ya British India, yaani Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1951, na Uganda, iliyoifuata mwaka 1952. Kila moja ilikuwa na urefu wa kiasi cha futi 540, na safari ya kwenda London kwa njia ya Aden na Mfereji wa Suez ilichukua muda wa majuma matatu hivi. Ndege ndizo zilizoondoa desturi hiyo. Tena mwaka 1967 Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, wala haukufunguliwa mpaka 1975. Meli ya Kenya ilivunjwa mwaka 1969. Uganda iligeuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi baharini, na mwaka 1982 ikatumiwa kuwa hospitali katika vita vya Falkland.

Hivyo safari ya meli ikabadilika maana yake. Zamani mtu alipanda meli ili afike mahali. Mtalii wa leo hupanda meli kwa ajili ya safari yenyewe. Desturi hii ilikwisha kuanza kabla ya ndege kuenea. Meli Laconia iliondoka New York mnamo Novemba 1922 ikiwa na watalii, ikazunguka dunia, ikarudi mwaka 1923. Leo ziko safari za namna hiyo zipitazo siku 100.

JINSI SIKU INAVYOPITA

Asubuhi wale waamkao mapema huzunguka sitaha kwa miguu, maana mtu akila milo mingi bila kutembea hunenepa upesi. Baada ya chai ya asubuhi wengine hukaa katika viti virefu vya kulalia, wakisoma au wakitazama maji. Wengine hucheza. Uko mchezo wa kurushiana pete ya kamba juu ya wavu, na mwingine wa kusukuma visahani vya mbao kwa fimbo ndefu mpaka viingie katika hesabu zilizochorwa sakafuni. Michezo hii yafaa melini, maana mpira ukirushwa vibaya huanguka baharini, wala hakuna wa kuufuata.

Saa sita mchana ndiyo saa kubwa ya siku. Tangu zamani manahodha walipima jua saa hiyo ili kujua chombo kiko wapi, kisha maili zilizokwendwa tangu jana huandikwa ubaoni. Maili ya bahari ni mita 1,852. Meli iendayo maili 16 kwa saa hupata maili 384 kwa siku nzima, na kwa mwendo huo Mombasa mpaka Aden ni siku nne na kitu. Abiria hushindana kubahatisha hesabu ya kesho, na wengine huwekeana fedha. Hivyo hata siku isiyo na tukio hupata habari moja ya kuzungumzwa mezani.

Jioni huja chakula kikubwa, kisha muziki, dansi, senema au karata. Watu wasiojuana huwa rafiki upesi, kwa sababu hawana pa kwenda. Mzee wa Rombo aketiye chini ya mgunga akicheza enkeshui na wenzake wakati ng'ombe wako malishoni hahitaji kuelezwa raha hiyo. Tofauti ni kwamba mzee ajua ng'ombe wake wako wapi na nani anawachunga, bali abiria amelipa ili asijue ni nani anayechunga meli.

MAMBO MATATU YANAYOSHANGAZA

Jambo la kwanza ni saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Basi meli iendayo magharibi hurudisha saa nyuma kila ipitapo nyuzi 15, na siku hiyo abiria hupata saa 25. Iendayo mashariki hupoteza saa. Meli izungukayo dunia nzima kwa upande wa magharibi hurudisha saa nyuma mara 24. Kwa hiyo, ivukapo mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki, huruka tarehe moja. Abiria hulala Jumatatu akaamka Jumatano, wala hakuugua.

Jambo la pili ni Ikweta. Mombasa iko kusini ya mstari huo, na meli iendayo Aden huuvuka karibu na pwani ya Kismayo. Mstari hauonekani kwa macho. Lakini ni desturi ya mabaharia kwamba mmoja wao ajifanye mfalme wa bahari, mwenye ndevu za kamba na mkuki wa ncha tatu, na wale wavukao mara ya kwanza humwagiwa maji na kupakwa povu, kisha hupewa hati ya kushuhudia kuvuka kwao.

Jambo la tatu ni maji matamu. Mfugaji ajuaye taabu ya kiangazi ataona ajabu kwamba watu maelfu huoga kila siku katikati ya maji ya chumvi. Meli kubwa za leo hutengeneza maji yao wenyewe. Njia moja ni kuyachemsha maji ya bahari kwa moto wa mitambo na kuukusanya mvuke wake. Njia nyingine ni kuyasukuma kwa nguvu nyingi katika utando uzuiao chumvi.

KICHEFUCHEFU CHA BAHARI

Raha hizo zote hukoma bahari ikichafuka, hasa wakati wa kusi, toka Juni mpaka Septemba, kaskazini karibu na Sokotra. Kichefuchefu cha bahari si woga wala si udhaifu. Ndani ya sikio la mtu mna kiungo kinachopima mwendo wa mwili. Mtu akiwa ndani ya chumba, macho humwambia kwamba kuta zimetulia, bali sikio humwambia kwamba anapanda na kushuka. Habari hizo mbili zikigombana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Dawa ya kwanza ni kutoka nje penye hewa na kutazama mahali mbingu na bahari zinapokutana. Tena yafaa kukaa katikati ya meli, ambapo mwendo ni mdogo kuliko katika omo au tezi, na kula kidogo vitu vikavu kuliko kukaa na njaa.

USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Sasa lafuata swali la vijana. Meli Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000, na watumishi wake ni zaidi ya 2,300. Hao ndio wapikao, waoshao, watandikao vitanda, waangaliao mitambo na washikao zamu usiku. Kila saa ambayo abiria hana la kufanya, yuko mtu mwingine aliyeifanya kazi yake kwa ajili yake. Basi kijana aliyewaona watalii Amboseli wakicheka asidhani kwamba atakwenda kuishi kama wao. Atakwenda kuwatumikia, na kwa miezi mingi hataona nyumbani kwake.

Kazi hiyo ni ya heshima, nayo ina sheria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuthibitisha mwaka 2014, waamuru kwamba baharia ama asifanye kazi zaidi ya saa 14 katika saa 24, wala zaidi ya saa 72 kwa siku saba. Ama apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika saa 24, na saa 77 kwa siku saba. Kila nchi huchagua kipimo kimoja kati ya hivyo viwili. Tena baharia ana haki ya kuwa na mkataba ulioandikwa, na ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli muda wake ukiisha.

Lakini liko jambo moja kubwa kuliko yote, ambalo kila mzazi apaswa kulijua kabla ya kuuza ng'ombe. Mkataba huo wakataza wakala kumtoza baharia fedha za kumpatia kazi. Baharia hulipa gharama tatu tu: cheti cha daktari kinachotakiwa na sheria, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati nyingine ya kusafiria ya namna hiyo. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Basi mtu akija kijijini akasema kwamba ana nafasi melini, nayo yapatikana kwa kulipa ada ya kuandikishwa au ya kushika nafasi, mtu huyo aivunja sheria hata kama meli anayoitaja ni ya kweli. Njia iliyo sawa ni kuuliza kwanza Mamlaka ya Bahari ya Kenya, huko Mombasa, kama wakala huyo ana leseni.

Mafunzo ni jambo jingine, nayo yana gharama yake. Kila aajiriwaye kama baharia hana budi kwanza kujifunza jinsi ya kuokoa maisha majini, kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza na kujilinda kazini. Masomo ya ubaharia hufundishwa katika Chuo cha Bandari, Mombasa. Mtoto wa bara asiyejua kuogelea asione haya kuanza huko, maana wako wengi waliofika pwani bila kuyajua maji.

Msimu wa meli wenyewe si wa kutegemewa kama mvua ya masika. Kati ya mwaka 2008 na 2012 maharamia wa pwani ya Somalia walizifukuza meli nyingi za watalii, na tangu mwisho wa mwaka 2023 mashambulio katika Bahari ya Shamu yaliwafanya wenye meli wengi kuiacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Abiria husoma habari hizo, akabadili tikiti yake. Baharia hawezi kubadili mkate wake kwa wepisi huo.

Kwa hiyo kijana wa Rombo atakaye bahari na aende, lakini aende na cheti mkononi, mkataba aliousoma mpaka mwisho, na ng'ombe za baba yake zikiwa bado zizini.