Koki Inayovuja Shingoni: Chanzo, Gharama na Tiba Yake

Koki nyingi hung'olewa na kutupwa zikiwa bado nzima. Mtumiaji huona maji yakichuruzika chini ya kishikio, humwita fundi bomba, na fundi hufunga koki mpya. Mara nyingi kilichochakaa ni kipande kidogo cha ufungo kilichomo ndani ya shingo ya koki, ambacho gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya koki nzima. Wengine huacha maji yaendelee kuchuruzika, wakiamini kuwa mchirizi mwembamba hauna madhara. Makala haya yanaeleza uvujaji huo unatokana na nini, unamgharimu mtumiaji kiasi gani, unavyoweza kuathiri usafi wa maji ya nyumbani, na namna ya kuuzuia.

Kutambua mahali koki inapovuja

Koki huvuja katika sehemu kuu tatu, na kila sehemu ina tiba yake. Maji yakidondoka mdomoni ilhali koki imefungwa, washa ya ndani imekwisha. Yakitoka pale koki inapoungana na bomba, hesi za maungio hazikufungwa vema. Yakitokeza chini ya kishikio, pale shina linapoingia katika mwili wa koki, basi tatizo liko shingoni.

Ili kupata uhakika, ikaushe koki yote kwa kitambaa, ifungue, kisha uitazame kwa dakika chache. Koki za kawaida za kukazwa kwa shina huvuja shingoni zinapokuwa wazi na hukoma zinapofungwa, kwa sababu maji hufika shingoni pale tu njia inapofunguliwa. Ndiyo maana koki ya kufungia maji iliyo karibu na dira, ambayo hukaa wazi mwaka mzima, huweza kuvuja usiku na mchana bila mtu kugundua.

Kinachofanyika ndani ya shingo

Shina ni kijiti cha chuma kinachounganisha kishikio na sehemu ya ndani inayofunga njia ya maji. Kwa kuwa lazima lizunguke, haliwezi kubanwa moja kwa moja na chuma cha mwili wa koki; sharti pawepo nafasi ndogo kulizunguka. Nafasi hiyo ndiyo maji hutafuta kupitia.

Nafasi hiyo hujazwa kitu laini ambacho mafundi hukiita pakingi. Juu yake hukaa nati ya shingo. Nati inapokazwa, huishindilia pakingi kwenda chini. Pakingi, kwa kukosa pa kwenda, hutanuka kwa pembeni, ikalibana shina upande wa ndani na ukuta wa shingo upande wa nje. Hapo maji hukosa njia, nalo shina huendelea kuzunguka.

Kazi hii inahitaji kiasi. Pakingi isipobanwa vya kutosha, maji hupita. Ikibanwa kupita kiasi, shina huwa gumu kuzunguka na pakingi husagika upesi, na baada ya muda uvujaji hurudi ukiwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Kwa nini pakingi huchakaa

Sababu ya kwanza ni umri: pakingi hukauka, husinyaa na kupoteza uwezo wake wa kutanuka. Ya pili ni mchanga na kutu vinavyosukumwa na maji yanaporejea baada ya mgao, ambavyo hukwaruza shina na kulifanya liikate pakingi kama tupa. Ya tatu ni chumvi. Katika maeneo ya pwani ambako kaya nyingi hutumia maji ya visima yenye chumvi, shina la shaba nyeupe huliwa taratibu na uso wake hupoteza ulaini.

Sababu ya nne ni kutotumika. Koki isiyoguswa kwa miaka hugandamana na pakingi yake, na siku inapozungushwa kwa nguvu pakingi hiyo huchanika. Inashauriwa kuizungusha koki ya kufungia maji walau mara mbili kwa mwaka, kuifunga na kuifungua yote, kisha kuirudisha nyuma kidogo, kama robo mzunguko, ili isikwame ikiwa wazi.

Gharama ya mchirizi mdogo

Takriban matone 20 ya maji hufanya mililita 1. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 4. Kwa mwezi wa siku 30, hizo ni takriban lita 130, sawa na ndoo sita na nusu za lita 20.

Mchirizi una hesabu nyingine. Kinga chupa ya nusu lita chini ya koki na uangalie saa. Ikijaa kwa dakika 10, unapoteza lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku na lita 2,160 kwa mwezi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Kwa hiyo unalipia zaidi ya uniti 2 kila mwezi, yaani ndoo 108, kwa maji ambayo hakuna aliyeyatumia. Zidisha uniti hizo kwa bei iliyo kwenye ankara yako, kisha ulinganishe na bei ya pakingi.

Iwapo koki imefukiwa na huwezi kuona uvujaji, itumie dira. Funga mabomba yote ya nyumbani na uhakikishe tangi halijazi. Gurudumu dogo la dira likiendelea kuzunguka, kuna maji yanayopotea baada ya dira.

Madhara yasiyoonekana kwenye ankara

Tundu linalotoa maji laweza pia kuyaingiza. Bomba likiwa na msukumo, maji hutoka. Msukumo ukikatika, kama inavyotokea wakati wa mgao au bomba kuu linapopasuka, bomba huweza kuvuta kilichoko nje. Koki ya karibu na dira aghalabu hukaa kwenye shimo dogo ambalo mvua hulijaza tope, na wakati mwingine maji ya choo au ya karo hupita jirani. Shingo inayovuja iliyozama katika maji hayo ni mlango wa uchafu kuingia katika maji ya kunywa.

Kwa sababu hiyo, uvujaji wa koki iliyo shimoni utangulizwe kurekebishwa kabla ya ule wa koki ya bustanini, hata kama kiasi cha maji kinachopotea ni kidogo. Hadi utakaporekebishwa, maji ya kunywa yachemshwe au kutibiwa, hasa yanaporejea baada ya kukatika.

Nyenzo za pakingi, za zamani na za sasa

Zamani shingo za koki zilijazwa nyuzi za pamba au kitani zilizopakwa mafuta mazito. Nyuzi hizo hufanya kazi, lakini mafuta yakikauka huwa ngumu na huhitaji kukazwa mara kwa mara. Vali kubwa za zamani, hasa za viwandani, zilitumia pia asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ukikuta pakingi ya kijivu yenye nyuzinyuzi katika vali ya zamani sana, usiikwangue ikiwa kavu, mwachie mtaalamu.

Nyenzo zinazofaa zaidi kwa koki za nyumbani leo ni mbili. Ya kwanza ni PTFE, plastiki nyeupe yenye utelezi iliyogunduliwa mwaka 1938 na ambayo wengi huifahamu kwa jina la kibiashara la Teflon. Huuzwa ikiwa kamba ya kusukwa, au ule utepe mweupe ambao mafundi huuzungushia kwenye hesi. Haiozi, haikauki, na shina huteleza ndani yake bila kuhitaji nguvu.

Ya pili ni pete ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Koki nyingi za kisasa huwa na pete moja au mbili kwenye shina badala ya pakingi ya kushindiliwa. Pete haihitaji kukazwa: ikichakaa hubadilishwa. Beba ile ya zamani dukani ili upate yenye kipenyo na unene uleule, na uulize iwapo imetengenezwa kwa mpira wa maji ya kunywa. Mpira aina ya EPDM hustahimili maji vizuri, lakini huvimba na kuharibika ukipakwa mafuta ya petroli. Kwa hiyo usitumie grisi ya magari. Tumia grisi ya silikoni iliyoandikwa kuwa ni salama kwa maji ya kunywa.

Namna ya kurekebisha

Hatua ya kwanza ni kujaribu kukaza, kwa koki zenye nati ya shingo. Shika mwili wa koki kwa spana moja ili bomba lisijipinde, na kwa spana ya pili kaza nati ya shingo kwa moja ya nane ya mzunguko. Tazama. Uvujaji ukiendelea, ongeza kiasi hicho hicho mara moja au mbili. Uvujaji ukikoma na kishikio kikazunguka kwa mkono bila kulazimishwa, kazi imekwisha.

Usipokoma, badili pakingi kwa utaratibu huu:

1. Funga maji katika koki iliyotangulia, mathalani ya kwenye tangi, kisha fungua bomba la chini ili msukumo uishe. Usitegemee kuifunga koki yenyewe, kwa kuwa baadhi ya vali hubaki na maji shingoni hata zikifungwa.

2. Ondoa kishikio kwa bisibisi, legeza nati ya shingo polepole, kisha uivute juu.

3. Toa pakingi yote ya zamani kwa waya uliopindwa ncha, bila kulikwaruza shina. Kuweka mpya juu ya iliyooza ni kazi bure.

4. Futa shina na ulikague. Likiwa na mikwaruzo ya kina au limeliwa na kutu, litaikata pakingi mpya. Hapo ndipo panapostahili kununua koki nyingine.

5. Kata kamba ya PTFE katika pete zinazolizunguka shina mara moja tu. Ingiza pete moja moja na kuishindilia kabla ya kuweka inayofuata, ukihakikisha maungio ya pete hayapangani katika mstari mmoja. Ukitumia utepe, usokote uwe kama uzi na uuzungushe kufuata upande wa kukazia nati.

6. Acha nafasi ya nati kushika hesi mbili au tatu. Ikaze kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana.

7. Rudisha maji taratibu, kaza kidogo ikibidi, na ukague tena baada ya saa 24, maana pakingi mpya hujipanga.

Mpaka wa wajibu

Kwa kawaida mamlaka ya maji huwajibika kwa miundombinu hadi kwenye dira, na mteja kwa mabomba na koki zilizo baada ya dira. Koki iliyo kabla ya dira isiguswe na mteja wala fundi wake, hata ikivuja. Kuchezea dira au kukata lakiri yake ni kosa kisheria. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji ya eneo lako, uombe namba ya taarifa, na uandike tarehe na saa.

Angalizo kuhusu mitungi ya gesi

Vali ya mtungi wa gesi ya kupikia nayo ina shina na ufungo, lakini maelekezo ya hapo juu hayaihusu hata kidogo. Ukisikia harufu ya gesi, zima moto, funga vali, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, fungua milango na madirisha, na utoe mtungi nje ikiwa ni salama kufanya hivyo. Ili kubaini mahali panapovuja, paka povu la sabuni na utazame mapovu. Kamwe usitumie kiberiti. Mtungi unaovuja kwenye vali urudishwe kwa muuzaji. Usikubali mtu yeyote aufungue au aukaze mtaani.

Unapomwita fundi au kuwasilisha malalamiko

Mwombe fundi akuoneshe mahali maji yanapotokea kabla ya kutaja bei, na akueleze kwa nini pakingi haitoshi iwapo anapendekeza koki mpya. Dai vipuri vya zamani na stakabadhi. Unaponunua, chagua bidhaa yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Iwapo uvujaji ulio upande wa mamlaka ya maji haushughulikiwi, au ankara imepanda na huridhiki na maelezo uliyopewa, wasilisha kwanza malalamiko kwa maandishi kwa mamlaka hiyo na ubaki na nakala. Usiporidhika na majibu, unayo haki ya kuyafikisha kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) linaweza kukuelekeza. Namba ya taarifa, usomaji wa dira na kipimo chako cha chupa ya nusu lita ni ushahidi, viambatanishe.