Stoo Iliyojaa Huficha Makosa

Wenye viwanda wengi wakisikia habari za uzalishaji usio na upotevu, hukimbilia mambo mawili: kupunguza mzigo stoo na kupunguza watu. Huko ni kuanzia mwisho. Mfumo huu, ambao Toyota iliujenga nchini Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia chini ya uongozi wa mhandisi Taiichi Ohno, umesimama juu ya kanuni ngumu zaidi: kosa lirekebishwe pale pale lilipotokea, hata ikibidi kazi yote isimame. Anayepunguza akiba huku kanuni hiyo akiikwepa, anajitafutia hasara.

Ohno alitaja aina saba za upotevu, na mbaya kuliko zote akaona ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine. Tuchukue kiwanda cha ndoo za plastiki ambako kutoa kalibu ya lita 10 na kufunga ya lita 20 kunakula nusu ya zamu. Mashine ikishazimwa ndipo mtu anatumwa kufuata kalibu, mwingine anatafuta spana. Kalibu inafungwa ingali baridi, na ndoo za mwanzo zinatupwa. Msimamizi, akiogopa usumbufu huo, anaamua kufyatua ndoo za mwezi mzima kwa mpigo. Wiki tatu baadaye wateja wanarudisha ndoo zilizopasuka pale mpini unaposhikia, kumbe kasoro ilianza siku ya kwanza na imo kwenye rundo zima. Mtaji umelala, stoo haina nafasi, na hakuna anayekumbuka ni kitu gani kilibadilika siku ile.

Kwa hiyo tiba huanzia kwenye kubadili kalibu. Shigeo Shingo, mshauri aliyefanya kazi na Toyota, alitenganisha shughuli ambazo lazima mashine izimwe na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inazunguka, kama kusogeza kalibu, kuipasha moto na kupanga vifaa. Kubadili kalibu ya mashine ya kukandamiza bati ya tani 1,000, kulikokuwa kukichukua saa 4, kulishushwa hadi dakika 90, kisha dakika 3. Kubadili kukiwa kwepesi, kiwanda kinaweza kuzalisha mafungu madogo, na kasoro itaonekana baada ya ndoo chache. Akiba inapungua yenyewe bila amri ya mkurugenzi.

Lakini kuiona kasoro hakutoshi kama aliyeiona hana ruhusa ya kusimamisha kazi. Wapo wanaodai kwamba kumpa kila mfanyakazi ruhusa hiyo ni kukaribisha uvivu. Jibu lilipatikana Fremont, California. Kiwanda cha General Motors kilichokuwa kikisifika kwa utoro na magari mabovu kilifungwa mwaka 1982, kikafunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale, na chama chao kilikuwa kile kile. Safari hii walikuwa na kamba ya kuvuta: ukivuta, kiongozi wa kundi anakuja, na mkishindwa kulimaliza tatizo kwa wakati, mstari unasimama. Watafiti wa chuo cha MIT walipolinganisha viwanda mwaka 1986 na 1987, NUMMI ilikuwa na kasoro 45 za uundaji kwa kila magari 100, sawasawa na kiwanda cha Toyota cha Takaoka, Japani. Kiwanda cha General Motors cha Framingham kilikuwa na 130.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: umeme ukikatika na mzigo ukichelewa bandarini, nani atathubutu kukaa bila akiba? Takwimu za watafiti hao hao zinajibu. Takaoka iliweka vipuri vya saa 2, NUMMI vya siku 2, kwa kuwa vingi vilivuka bahari, lakini ubora haukutofautiana. Hata Toyota yenyewe, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2011 nchini Japani, iliwataka wauzaji wake wa chipu waweke akiba ya miezi kadhaa. Akiba inayokinga hatari inayojulikana ni busara. Akiba inayofidia kalibu mbovu, mashine isiyofanyiwa matengenezo na usimamizi legelege ni gharama tupu.

Kuhusu ajira, NUMMI iliwaahidi wafanyakazi kwamba haitawapunguza ila uhai wa kampuni ukiwa hatarini, na mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980 iliwapeleka mafunzoni badala ya kuwaachisha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kufilisika na kujitoa. Kwa hiyo mfumo huu si kinga ya kila balaa la biashara. Hata hivyo ahadi ile ilikuwa na mantiki yake, maana hakuna atakayefichua upotevu akijua atakayeondolewa ni yeye. Mwenye kiwanda anayetaka kuanza asihesabu kwanza mzigo stoo. Awape walio mashineni ruhusa ya kusimamisha kazi, na akiitwa, aende.